Neno Nililoongeza Kwenye Chungu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu najijua. Nikianza kuzungukazunguka nitaishia kumtupia mtu mwingine, na tabia hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa.

Majina ninayoyataja humu nimeyabadilisha, na langu silisemi. Si kwamba nawaogopa watu wa kijijini. Hao wameshajua yote, na wengine wakiniona njiani wanageuza shingo. Naficha kwa ajili ya mtoto mmoja mchanga aliyeko Lembeni, mjukuu wangu, ambaye sijawahi kumshika hata mara moja.

Simu iko hapa mezani. Kila ikilia moyo unaruka, nasema haya, ndio hao wananipigia kuniambia. Naogopa, jamani! Mtu mzima wa umri wangu, naogopa simu.

Kijiji chetu kiko huku milimani, unapanda kutoka Same mpaka masikio yanaziba. Tunalima kwa mfereji. Maji ya mfereji hukusanywa usiku kwenye ndiva, bwawa la mawe walilolijenga babu zetu, na asubuhi yanafunguliwa, kila mtu anamwagilia kwa zamu yake. Anayepanga zamu ni mwenyekiti wa mfereji. Mwenyekiti nilikuwa mimi.

Miaka kumi na sita! Watu wakaniita Mfalme wa Maji. Walianza kwa utani, mimi nikalichukua kweli. Nikifika mahali nataka niletewe kiti. Nikimkatia mtu zamu hakuna wa kunihoji. Na Jumapili nilikuwa mzee wa kanisa, nasimama mlangoni na tai yangu, nawatazama wanaochelewa mpaka wanainama.

Nina hasira za karibu, sikatai. Mke wangu huwa anasema mimi huhukumu kwanza, kesi nasikiliza baadaye. Nilikuwa nacheka akisema hivyo.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa kiangazi, siku za mwisho za baridi, ukungu unashuka mpaka mlangoni. Mfereji ulikuwa umepungua, ndiva ilichukua siku mbili kujaa. Maharage ya watu wa bondeni yalikuwa yanatoa maua, na kila mtu anajua ua la harage likikosa maji ni basi.

Asubuhi hiyo watu wakafika na majembe yao wakakuta ndiva tupu. Tupu kabisa! Matope tu na vyura. Maji yote yalikuwa yamekwenda korongoni wakati watu wamelala. Kizibo, ule mti wa kuzibia tundu chini ya ukuta, kilikuwa kimelala pembeni. Na kabari yake haipo.

Kabari ni kile kipande cha mti mgumu, kama urefu wa kiganja, kinachogongwa kukaza kizibo ili maji yasikisukume. Bila kabari, ndiva ikijaa, kizibo kinatoka chenyewe.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Kabari haina miguu!" nikawaambia. "Kuna mkono umeitoa! Mimi mwenyewe nilipita hapa jana jioni nikaikaza, nikaondoka iko imara."

Nilisema hivyo mbele ya watu wote. Na nilikuwa naamini. Mungu wangu, nilikuwa naamini kabisa!

Kulikuwa na mtu mmoja, nitamwita Elieza. Shamba lake liko chini kidogo ya langu. Mtu wa maneno machache, lakini akilisema lake linakuchoma. Miezi miwili kabla, kwenye mkutano, alisimama akasema, "Mwenyekiti, lile zibo limechakaa. Siku moja litatuumbua." Nikamwambia akae chini, fundi wa ndiva hajaajiriwa.

Sasa asubuhi ile kichwani mwangu nikaunganisha. Alijuaje kwamba litatuumbua? Alijuaje, kama si yeye? Nikamwita mbele.

Elieza hakukasirika. Akaniuliza swali moja tu. "Mwenyekiti, mtu wa mwisho kufika hapa jana alikuwa nani?"

Jamani, lilikuwa ndilo swali lenyewe! Kama ningekuwa na akili ningekaa juu ya jiwe nikalijibu taratibu. Mimi nikaona ananidharau. Mbele ya watu wangu! Nikamwambia kuanzia siku ile hana zamu ya maji mpaka atakapokiri.

Akasema, "Maharage yangu yana maua."

Nikamwambia, "Kiri, upate maji."

"Siwezi kukiri nisilolifanya."

Watu walitazama chini. Hakuna aliyemtetea, waliniogopa. Na bado sikuridhika. Siku ya pili yake nikatangaza kwamba tutavunja chungu.

Kwa asiyetufahamu sisi Wapare, chungu ni kiapo. Watu wanakusanyika, chungu kipya cha udongo kinawekwa chini, yanasemwa maneno juu ya mkosaji ambaye hajajulikana, kisha kinapasuliwa. Maneno yanamtafuta huyo mtu popote alipo, yeye na uzao wake. Wewe uliyeko mjini utacheka. Huku hakuna anayecheka. Hata mchungaji wetu, ambaye anatukataza kila mwaka, ukikitaja chungu anakohoa kwanza.

Nikaenda kwa Koko Namsifu. Koko ni bibi kwa lugha yetu, na yeye ni koko wa kijiji kizima, ndiye pekee aliyebaki anayeyajua yale maneno sawasawa. Nilimkuta anachambua maharage ya makande.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na hasira, naisikia kwenye viatu."

Nikamweleza. Akanisikiliza, akasema utaratibu wake ni siku saba. Watu wanatangaziwa, aliyekosa anapewa siku saba za kujitokeza, maana pengine ni mtu aliyepitiwa tu. Nikamwambia siku saba za nini, mwizi apate nafasi ya kukimbia? Kesho!

Akasema, "Haya. Maneno ni hivi, aliyefungua maji haya kwa kusudi."

"Hapana," nikamwambia. "Elieza ni mjanja, atasema hakukusudia. Ongeza hapo. Ajue asijue."

Koko aliweka ungo chini. Namwona mpaka leo alivyouweka. "Mwanangu, hilo neno litoe. Haliwekwi. Chungu ukikiambia asijue, hakitamuuliza mtu."

"Koko, wewe sema ninavyotaka."

"Silisemi. Sema mwenyewe kwa mdomo wako."

Nikalisema mwenyewe. Kesho yake saa nne asubuhi, pale ndiva, kijiji kizima kimesimama. Nilishika rungu, nikasema kwa sauti ya mkutano, "Aliyefungua maji haya, ajue asijue, yeye na uzao wake, asione wa kumrithi." Nikakipiga. Kilipasuka kwa kishindo kidogo tu, nilitegemea kikubwa zaidi.

Elieza alikuwa mstari wa mbele. Alivua kofia yake, akasema, "Na iwe." Akaivaa, akarudi nyumbani.

Nawaambieni, nilifurahi! Wiki zilizofuata nilikuwa napita kwake makusudi kutazama. Nasubiri ng'ombe afe, nasubiri mtu augue. Maharage yake yalikauka, lakini hayo niliyakausha mimi na si chungu. Mwisho akamwacha mkewe na watoto, akashuka tambarare kutafuta kibarua kwenye shamba la mkonge. Nikasema mnaona? Anakimbia!

Sasa mwanangu. Nina mtoto mmoja tu, nitamwita Nai. Ameolewa Lembeni miaka saba, mimba mbili zikatoka. Hii ya tatu walikaa nayo kimya mpaka ilipotimiza miezi mitano ndipo wakatuambia. Akaja kujifungulia kwa mama yake, tumbo hilo, uso umenawiri. Nilichinja jogoo siku aliyofika.

Ilikuwa asubuhi moja, ukungu umerudi ghafla, Nai amekaa jikoni anasikia baridi. Mama yake akamwambia chukua koti la baba yako kule nyuma ya mlango. Ni koti langu zito, lilikuwa limening'inia pale tangu baridi ilipoisha.

Akalivaa. Akatia mikono mfukoni. Akatoa kitu.

"Baba, hiki kijiti ni cha nini?"

Ilikuwa kabari.

Yesu wangu! Mwanangu amesimama na tumbo lake mbele, ameishika kabari ya ndiva mkononi, anatabasamu, ananisubiri nimjibu.

"Weka chini!" nikafoka. "Weka chini hiyo!" Akaiachia ikaanguka. Akashtuka, akashika tumbo. Mama yake akanitazama kama nimerukwa na akili.

Na yote yakanirudia pale pale. Ile jioni nilipita ndiva. Nikaona kabari imelegea. Nikaichomoa ili niigonge upya kwa jiwe, na ndiva ilikuwa bado haijajaa, kizibo hakikutikisika. Simu ikalia. Alikuwa Nai. "Baba, nina mimba, ina miezi mitano, safari hii imekaa." Jamani! Nilirukaruka pale peke yangu. Kabari nikaitia mfukoni, nikashuka mbio kumwambia mama yake. Tulilia, tukaomba, tukala, tukalala. Nikalivua koti nikalitundika.

Sikujua. Kweli sikujua. Na nilikuwa nimekiambia chungu nini? Ajue asijue!

Jiwekeni tu kwenye nafasi yangu dakika moja. Mkono ulioitoa ni wangu, mdomo ulioapa ni wangu, na uzao nilioulaani umekaa jikoni kwangu unaota moto, na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba.

Nikamrudia Koko, kabari nimeifunga kwenye leso. Alipoiona hakuuliza.

"Kinafunguliwa?" nikamuuliza.

"Kinafunguliwa. Unawaita wale wale waliokuwepo, unasimama pale pale, unajitaja jina. Halafu Elieza anywe maji kutoka mkononi mwako, aseme nimekubali. Asipokubali yeye, hakuna mwingine."

"Basi tu?"

"Ndiyo hayo. Nenda leo."

Leo! Mimi niende leo? Mfalme wa Maji nishuke mkongeni nikamwombe Elieza? Nikisimama mbele ya watu uenyekiti umekwenda, uzee wa kanisa umekwenda, nitabaki nani? Nikajiambia nisubiri kidogo. Mtoto azaliwe kwanza. Nikajiambia pia haya mambo ya chungu ni ya kale, mimi ni Mkristo. Lakini Nai akipiga chafya tu nasimama wima. Akiteleza kidogo uani nafumba macho. Nilikuwa namfuata chooni na tochi mchana kweupe, mpaka mama yake akaniambia niache uchizi.

Wiki tatu nilisubiri. Wiki tatu!

Habari ikaletwa na kijana wa bodaboda. Elieza amefariki kule mkongeni. Homa, walisema. Aliugua siku nne, watu wa kambini hawakumuuliza kwao ni wapi mpaka alipokuwa hawezi kusema.

Nililia, na nitawaambia ukweli mchungu. Sikumlilia yeye. Nilikuwa nalilia kinywa chake, kile ambacho kilitakiwa kunywa maji mkononi mwangu. Huyo ndiye mtu niliyekuwa.

Walimleta wakamzika kwake, kando ya lile shamba lililokauka. Mabua ya maharage yalikuwa bado yamesimama, yanachakacha watu wakiyapitia. Mimi kama mzee wa kanisa nikaambiwa niseme neno la faraja. Nikasimama. Mbele yangu ni watu wale wale waliokuwa ndiva. Mke wangu yuko, na Nai amekaa na wanawake, nilimkataza asije akaja.

Nikatoa kabari mfukoni nikaishika juu.

"Ni mimi," nikasema. "Maji niliyafungua mimi. Elieza hakuwa na kosa."

Nikaeleza yote, koti, simu, neno nililoongeza. Nilipotaja simu nikamwona Nai ameweka mkono mdomoni. Sikuweza kunyamaza tena, maneno yalikuwa yananitoka tu.

Nilipomaliza, mjane wa Elieza akainuka. Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa hata kwa mawe. Mama yule alinitazama tu, macho yamevimba, akaniuliza, "Kwa hiyo maji yetu yanarudi lini?"

Loo! Kama ardhi ingepasuka ningeingia nikashukuru. Wiki tatu nilijua kwamba mume wake hana kosa. Wiki tatu nilikuwa naogopa kwa ajili ya mjukuu wangu, naomba, nafunga, natetemeka. Na wiki zote hizo zamu ya mama yule ilikuwa bado imekatwa! Haikunijia hata mara moja kichwani kwamba niifungulie. Nilihangaika na laana, maji yenyewe nikayasahau.

Nilikwenda palepale, na suti ya msiba, nikaondoa jiwe la mchepuo wa shamba lake kwa mikono yangu. Maji yakaingia. Nikayachota kwa viganja nikampelekea, nikapiga magoti. Watu walikuwa wanatazama, na Koko Namsifu alikuwa wa kwanza kusogea.

Mama yule aliyatazama maji mpaka yakaanza kuvuja kwenye vidole vyangu. Akasema, "Mimi sikusingiziwa. Aliyesingiziwa mmemfukia sasa hivi." Maji yakaishia chini. Akaenda kuchukua jembe.

Nikamuuliza Koko, sasa inakuwaje? Kimefunguka? Hakijafunguka?

"Sijui, mwanangu," akasema. "Hili sijawahi kuliona." Koko huyo ana miaka inayokaribia tisini.

Jioni ile Nai alikuja nilipokaa. Alikuwa analia bila sauti. "Baba, kumbe ni mimi niliyekupigia. Nisingepiga ungeirudisha." Nikamwambia hapana mwanangu, hapana, usijibebeshe, furaha yako haina kosa. Lakini nilikuwa nimeshamwonyesha mbele ya watu kwamba simu ya habari ya mtoto wake ndiyo iliyomwaga maji. Hilo siwezi kulirudisha.

Mume wake alimfuata kesho yake. Akajifungulia Lembeni, mtoto wa kiume, mdogo, lakini mzima. Analia vizuri, mama yake anasema. Nilifunga mzigo wangu nishuke nikamwone, ndizi, kuku, shuka la mtoto. Nai akanipigia kabla sijatoka.

"Baba, usije kwanza. Sina hasira na wewe, nakuapia. Naogopa mkono wako."

Nilikaa na mzigo ule mpaka ndizi zikaiva.

Ana miezi minne sasa. Uenyekiti nimeuacha, kanisani nakaa benchi la nyuma kabisa. Kila zamu ya mjane inapofika nakwenda kumwagilia mwenyewe. Hanisemeshi wala hanifukuzi. Juzi mke wangu ameniambia mtoto ana kikohozi. Kikohozi tu, anasema, watoto wote wanakohoa. Tangu juzi sijalala, simu nimeiweka hapa mbele yangu.

Ndugu yangu unayesoma, pengine wewe huna mfereji. Una ofisi, una darasa, una nyumba yenye watu wanaokuogopa. Siku kitu kitakapoharibika na hasira ikakupanda, nakuomba, nakusihi, usimwite mtu mbele. Nenda kwanza nyuma ya mlango. Chukua lile koti ulilolivaa siku ile, utie mkono mfukoni, mkono wako mwenyewe. Mimi sikufanya hivyo, akautia mwanangu.